Gita la maisha halinunuliwi kwa macho

Ikiwa umepiga gita kwa miaka kumi au kumi na mitano, iwe kanisani, arusini, chuoni au sebuleni tu baada ya chajio, bila shaka jambo hili unalijua. Hufika siku ambapo mkono hulishinda gita. Unaijua sauti unayoitaka, vidole vyako vina uwezo wa kuitoa, lakini kile kisanduku cha plaiwudi ulichonunuliwa ukiwa kidato cha pili hakiwezi tena. Ukikibembeleza, kinanong'ona. Ukikicharaza kwa nguvu, kinakoroma.

Hapo ndipo wazo la kununua gita la maana huanza kukunyima usingizi. Na hapo ndipo pesa nyingi za watu hupotelea.

Gita la kwanza mtu hununua lolote, kwani hajui kama atadumu nalo. Likivunjika, hasara si kubwa. Lakini hili la pili, lile unalotaka uzeeke nalo, laweza kumeza karo ya muhula mzima ya mtoto aliye katika shule ya bweni, na mara nyingine likaomba nyongeza. Katika nyumba nyingi za hapa mjini, fedha kama hizo hazitoki mara mbili. Mama watoto au baba watoto akishakubali mara moja, mshukuru Mungu na usirudi tena kuomba.

Makala haya basi hayamhusu yule anayejifunza kushika kordi za mwanzo. Yanakuhusu wewe ambaye tayari unajua kupiga. Huo ujuzi wako ndio kipimo bora zaidi utakachoingia nacho dukani. Unashinda jina lililoandikwa kichwani mwa gita, unashinda mng'aro wa vanishi, na unaishinda hata bei. Ajabu ni kwamba watu wengi hodari wakifika dukani huuacha ujuzi huo mlangoni, wakaanza kununua kwa macho kama wanaochagua kabati la vyombo.

Acha nikupe kisa cha fundi mmoja Mhispania wa karne ya 19, Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufariki 1892. Umbo na vipimo vya gita la klasiki tulilo nalo leo, lile la nyuzi za nailoni, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono yake. Enzi zake nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, lakini hayo tuyaache.

Mwaka 1862 Torres aliunda gita la ajabu. Uso wake, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, aliufanya kwa mti mzuri kama ilivyokuwa desturi yake. Lakini mgongo na mbavu za gita hilo alizifanya kwa kartoni. Naam, kartoni! Alitaka kuwaonyesha watu kwamba sauti ya gita huzaliwa usoni, wala si mgongoni. Gita lenyewe bado limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Iwapo kisa hicho ni cha kale mno kwako, kipo kingine cha majuzi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, pamoja na wenzao, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa magita sita ya nyuzi za chuma. Magita hayo yaliundwa na fundi mmoja, yakafanana kwa kila hali isipokuwa mti wa mgongo na mbavu. Baadhi yalikuwa ya miti ghali na adimu, kama vile rozwudi ya Brazil. Mengine yalikuwa ya miti ya bei nafuu, kama sapele, mti ambao unaota katika misitu ya Kongo na Uganda. Wapiga gita 52 walipewa wayapige katika mwanga hafifu, huku wamevaa miwani ya wachomeaji vyuma ili wasiweze kutambua mti kwa kuutazama.

Walipoulizwa wayape alama, alama zilikaribiana mno. Mti ghali haukuushinda mti rahisi kwa lolote la kutajika.

Sasa hebu ingia katika duka lolote la ala za muziki uulizie gita la hali ya juu. Sifa ya kwanza utakayotajiwa ni ipi? "Boss, angalia huu mgongo, hii ni rozwudi!" Na kwa kweli mgongo huo utapendeza, maana mti huo una michirizi mizuri ya zambarau na kahawia. Simlaumu muuzaji, kwa sababu mgongo waonekana na sauti haionekani. Ila ukijikuta unalipa maelfu ya shilingi zaidi kwa ajili ya ubavu ambao utauegemeza tumboni, fahamu kwamba unalipia urembo. Si dhambi kulipia urembo, mradi ujue ndio unaoulipia.

Tuelekee usoni basi, kwani huko ndiko kwenye kazi.

Uso wa gita la maana huwa ni ubao mzima. Kwa kawaida ni vipande viwili vilivyokatwa kutoka gogo moja, vikafunguliwa kama kitabu na kugundishwa katikati. Uso wa gita rahisi huwa plaiwudi, yaani tabaka tatu au zaidi zilizobandikwa kwa gundi, kila tabaka ikilazwa kinyume cha mwenzake. Plaiwudi ni imara sana, ndiyo maana twajengea makabati. Lakini uimara huo ndio unaoiziba sauti. Ubao mzima huwa mgumu kwa urefu, ukafuata nyuzi zake za asili, na kuwa mwepesi kwa upana. Kwa hiyo husimama imara dhidi ya mvuto wa nyuzi na papo hapo ukatetemeka kwa urahisi. Plaiwudi hukataa kutetemeka kila upande.

Utautambuaje? Tazama ukingo wa tundu, pale ambapo mbao imekatwa. Kama ni ubao mzima, mistari ile unayoiona usoni itateremka moja kwa moja hadi ndani. Kama ni plaiwudi, utaona tabaka zimepangana kama mkate wa siagi. Baadhi ya viwanda hufunika ukingo huo kwa rangi au plastiki. Hapo chukua kioo kidogo cha mkono na tochi ya simu, uchungulie upande wa ndani wa uso kama nyuzi za mti zinalingana na za nje.

Miti inayotumiwa sana kwa uso ni miwili. Upo sprusi, jamaa wa msonobari, ambao aina yake mashuhuri hutoka pwani ya Alaska na Kanada. Halafu upo mwerezi mwekundu. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya hiyo miwili ni ya mkono wala si ya ubora. Mwerezi huitikia upesi hata ukiugusa kwa upole, ukatoa sauti yenye joto. Lakini ukiucharaza kwa nguvu sana hufika kikomo chake mapema, sauti ikabanana. Sprusi huhitaji kusukumwa kidogo, na kadiri unavyousukuma ndivyo unavyozidi kutoa. Anayeongoza nyimbo katika kanisa la watu mia tatu bila kipaza sauti hafai kwenda na mwerezi. Anayepiga polepole kwa ncha za vidole usiku watoto wakiwa wamelala, huenda asipate raha kwenye sprusi nzito.

Hapa ndipo ninapotaka ujiulize swali ambalo muuzaji hatakuuliza. Wewe hupiga nini?

Si kile unachotamani kupiga, bali kile vidole vyako hupiga vyenyewe unapokaa kitako bila kufikiri. Fikiria mapigo ya omutibo ya magharibi mwa Kenya, yale yaliyovumishwa na marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Kidole gumba hushika besi, cha shahada kikaimba, na pembeni chupa ya soda inagongwa. Au mfikirie Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na ambaye baadaye alikuja kupiga hapa Nairobi. Naye alitumia kidole gumba na cha shahada tu, lakini ukimsikia wadhani ni watu wawili.

Mtindo kama huo unataka gita ambalo kila uzi husikika peke yake. Besi ikiwa kubwa mno humeza kile kidole cha shahada, na mazungumzo ya vidole viwili yakageuka kuwa ngurumo moja. Kwa mpigaji wa aina hiyo, gita lenye mwili wa wastani na kiuno kilichobana, kama yale ambayo viwanda huyapa alama ya 000 au OM, mara nyingi humfaa kuliko lile kubwa lenye mabega mapana.

Lile kubwa nalo lina kisa chake. Huitwa dreadnought, jina lililotolewa kwa manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1906, ambayo ilikuwa kubwa kupita wenzake. Kampuni ya Martin ya Marekani, ambayo ilianzishwa mwaka 1833, ilianza kuunda magita ya umbo hilo mwaka 1916 yauzwe na kampuni nyingine iitwayo Ditson. Ilipofika 1931 ikaanza kuyauza kwa jina lake yenyewe. Kwa kucharaza kordi na kumsindikiza mwimbaji, umbo hilo ni gumu kulipiku, na ndilo lililojaa madukani. Kujaa kwake ndiko hutufanya tudhani kwamba gita ndilo hilo, mengine ni ya watoto. La hasha. Mtu mfupi akilipakata dreadnought mkono wa kulia huning'inia kama umevunjika, na baada ya saa moja bega linauma. Gita linalouma bega hutundikwa ukutani, hata liwe la nani.

Upana wa shingo nao uuangalie. Pale juu, nyuzi zinapopita kwenye kile kijiti cha mfupa, magita mengi ya kucharaza huwa na upana wa milimita 43 hivi. Yale ya kudonoa kwa vidole huwa na milimita 44 na nusu, na ya klasiki hufika 52. Milimita moja na nusu kwa maneno ni kitu gani? Si kitu. Kwa kidole cha mtu mzima, ndiyo tofauti kati ya uzi kulia na uzi kuzibwa na kidole jirani.

Urefu wa uzi kutoka kijiti cha juu hadi kile cha darajani nao una maana. Magita mengi ya chuma huwa na milimita 645, na mengine 632. Huo mfupi hulegeza uzi kidogo, na mtu ambaye vidole vyake vimeanza kulalamika kwa umri au kwa kazi nzito ataushukuru.

Haya, umefika dukani. Usiende Jumamosi adhuhuri wakati ambapo vijana watano wanajaribu magita ya umeme kwa pamoja. Nenda asubuhi siku ya kazi. Na nenda na gita lako la zamani. Najua utaona haya kulitoa mbele ya yale yanayong'aa, lakini hilo ndilo sikio lako limezoea. Ukilipiga hilo kwanza, kisha jipya, utasikia kilichoongezeka. Bila hilo, utadanganywa na mwangwi wa duka, kwa maana chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hufanya hata debe lisikike kama kinanda.

Omba nyuzi mpya zifungwe, au nenda na zako na ujitolee kuzilipia. Gita lililokaa ukutani miezi minane likishikwa na kila mpita njia huwa na nyuzi zilizokufa, na gita zuri lenye nyuzi zilizokufa hushindwa na gita baya lenye nyuzi mpya. Mwambie muuzaji akuletee matatu au manne yanayokaribiana bei, asikwambie ni lipi ghali. Ukiweza, kaa ukiipa mgongo rafu yenye bei.

Kisha, tafadhali, usipige ule wimbo wako wa kuonyesha ubingwa. Ule umeuzoea kiasi kwamba mikono yako itaupamba hata kwenye gita bovu, na watu wakisimama kukutazama utaanza kuwapigia wao. Piga noti moja moja. Piga uzi mnene wa sita bila kuushika, uache ufe wenyewe, uhesabu inachukua muda gani. Panda freti kwa freti, zile vyuma vidogo vya shingoni, katika kila uzi hadi mwisho. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila gita. Unatafuta noti iliyokufa, ile ambayo hutoka butu kama mtu aliyegonga meza huku jirani zake wakilia vizuri. Unatafuta pia uzi unaozomea kwa kugusa freti ya mbele yake.

Halafu piga kwa sauti ya chini kabisa uwezayo. Hapa ndipo magita hutengana. Karibu gita lolote litapiga kelele ukilipiga kwa nguvu. Gita lililoundwa vyema hubaki na mwili hata ukilinong'oneza, kila noti ina mwanzo na ina mwisho. Gita duni ukilinong'oneza hubaki na mlio wa waya tu.

Mwishowe mpe mwenzako alipige huku wewe umesimama hatua nne mbele, ukiwa umefumba macho. Gita huimbia mbele, na wewe uliyelipakata huwa uko nyuma yake. Watu hupiga miaka ishirini bila kuisikia sauti ambayo majirani wao huisikia kila siku.

Sauti ikishakuridhisha, usitoe pochi bado. Lipo jambo moja ambalo halisikiki siku ya kununua, na ndilo linaloumiza zaidi.

Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Fikiria mtu mzima amening'inia kwenye shingo ya gita lako usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana ndani ya uso hubandikwa mbavu nyembamba za mti, zikapishana kama herufi X katika magita ya chuma. Mbavu hizo zikiwa nene mno uso hauimbi, zikiwa nyembamba mno uso huvimba. Hata katika gita bora shingo hujongea mbele polepole, nyuzi zikapanda juu, na mpigaji akaanza kusema gita limekuwa gumu siku hizi.

Fundi hutibu hali hiyo kwa kukipunguza urefu kile kijiti cha mfupa kilicho darajani. Lakini kijiti kikishapunguzwa hadi kikaribie kuzama, dawa hiyo imekwisha. Kinachobaki ni kuing'oa shingo, kuichonga upya pembe yake na kuirudisha. Hiyo si kazi ya seremala wa viti. Mafundi wa kuifanya hapa kwetu ni wa kutafutwa kwa tochi, na malipo yao hulingana na ujuzi huo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua gita lolote, hasa lililotumika, fanya hivi. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, katikati ya shingo, hadi ifike darajani. Ncha yake inapaswa kufika sawa na sehemu ya juu ya ule mti wa daraja, au juu yake kwa unywele. Ikigonga daraja ubavuni, shingo imeshaanza kuanguka. Kisha angalia kijiti. Kikiwa kimechomoza kwa milimita tatu hivi, gita lina miaka mingi ya marekebisho mbele yake. Kikichungulia tu, na nyuzi bado ziko juu, mrudishie mwenyewe kwa heshima, hata akipunguza bei mara mbili.

Urefu wa nyuzi kutoka freti ya kumi na mbili usikutishe, maadamu kijiti kina nafasi. Wapigaji wengi hupenda milimita 2 hadi 2 na nusu kwa uzi mnene, na pungufu kidogo kwa mwembamba, na fundi wa kawaida hukurekebishia hilo kwa saa moja. Pitisha karatasi nyembamba chini ya kingo za daraja. Ikiingia, gundi imeachia. Bisha usoni kwa kifundo cha kidole, sehemu mbalimbali. Ukisikia kitu kinatikisika ndani, huenda ubavu mmoja umebanduka.

Kuhusu vifaa vya umeme vya kuchomeka waya, sina mengi. Ukihitaji kupiga jukwaani, vinaweza kuwekwa baadaye. Usikubali kupunguziwa ubora wa uso ili uongezewe vitufe.

Wengi wetu siku hizi hutegemea ndugu aliye Marekani, Uingereza au Ghuba atununulie na kutuletea. Ni njia nzuri, ila mpe ndugu huyo maagizo ya rula na kijiti kama tulivyoyaeleza, na umwombe picha za sehemu hizo. Ahakikishe limo ndani ya sanduku gumu, alegeze nyuzi kidogo kabla ya safari, na aulize shirika la ndege mapema kama ataruhusiwa kuingia nalo. Ushuru wa forodha nao uweke kwenye hesabu, usije ukakushtua uwanjani.

Lipo pia jambo la sheria. Rozwudi ya Brazil ililindwa vikali na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1992. Gita la kale lenye mti huo likivushwa mpaka bila vibali laweza kunyang'anywa. Mwaka 2017 ukoo wote wa miti hiyo, ukiwemo mpingo wetu wa Afrika Mashariki, uliwekwa chini ya udhibiti. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo, isipokuwa zile za rozwudi ya Brazil. Kwa hiyo gita la rozwudi ya India halina matata. Ukisikia mtu anajisifu kwamba la kwake ni la Brazil, ulizia karatasi kabla hujaulizia bei.

Usishangae vilevile ukiona ubao wa vidole wa gita ghali una michirizi ya kahawia badala ya kuwa mweusi tititi. Kwa miaka mingi wakata miti walikuwa wakiangusha miti ya abunusi na kuiacha ioze msituni ikiwa haikuwa myeusi kabisa. Kampuni ya Taylor ya Marekani iliponunua hisa katika kiwanda cha mbao nchini Kameruni mwaka 2011, ilianza kuitumia hiyo yenye michirizi. Inafanya kazi ileile.

Likishafika nyumbani, adui wake mkubwa ni hewa. Magita ya ubao mzima huundwa katika vyumba vyenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na huendelea kupumua maisha yao yote. Nairobi ya Januari na Februari huwa kavu, na mti hunywea: ukipitisha mkono kando ya shingo utahisi ncha za freti zikikukwaruza. Ukilipeleka Mombasa likizo ya Desemba hufyonza unyevu, uso ukavimba kidogo na nyuzi zikapanda. Hayo yote hurudi hali yake ukilihifadhi ndani ya sanduku lake. Kisichorudi ni ufa. Usiliegemeze ukutani karibu na dirisha lenye jua, na usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa kununua mboga, kwani joto hilo hulainisha gundi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kama wewe ni mtu wa safari za kila mara kati ya bara na pwani, nakushauri usione aibu kuchagua gita lenye uso wa ubao mzima lakini mgongo na mbavu za plaiwudi. Muuzaji ataliita la daraja la pili. Wewe tayari umesikia habari za Torres na kartoni yake. Plaiwudi ya mgongo haipasuki ovyo, na pesa zilizobaki zitanunua sanduku gumu na nyuzi za mwaka mzima.

Ikiwa umejaribu yote na hakuna hata moja linalolishinda lako la zamani kwa namna ambayo mwenzako naye ameisikia akiwa amefumba macho, rudi nyumbani na pesa zako. Magita mengine yataletwa.

Na ikiwa umelipata, lile la zamani usiliuze. Litafutie nyuzi mpya nyembamba, ukalipeleke kwa fundi alishushe kijiti chake kidogo, kisha uliache sebuleni mahali ambapo yule wa darasa la sita anaweza kulifikia bila kuomba ruhusa.